Mwenzangu ana mbio mimi mzito, tutapandaje mlima wa mita 5,000 bila kuachana njiani?

Mwendopole
Wakuu habari zenu. Naomba wenye uzoefu wa milima mirefu mnisaidie mawazo. Mimi na jamaa yangu tumekubaliana mwakani tukatembee mlimani, sio vile vilima vya kupanda asubuhi na kurudi mchana, tunataka tuvuke mita 5,000. Bado tunavutana, yeye anataka Kilimanjaro, mimi navutwa na ile njia ya Nepal ya kwenda mpaka kambi ya chini ya Everest maana nasikia ni ndefu ila inapanda taratibu. Lakini hilo sio swali langu hasa.

Shida ni mwendo. Jamaa ni mtu wa mazoezi, anakimbia nusu marathoni na akimaliza anaongea kama vile alikuwa amekaa. Mimi natembea vizuri tu na naweza kutembea siku nzima, ila nikilazimishwa kasi pumzi inakata na hasira zinakuja. Kwenye mazoezi yetu ya milimani inakuwa hivi, ananiacha, anafika mbele anakaa kwenye jiwe ananisubiri, mimi nikitokea tu yeye anasimama anajifuta suruali anaanza kwenda. Kwa hiyo yeye anapumzika kila dakika ishirini na mimi sipumziki kabisa, halafu jioni anashangaa mbona nimechoka.

Sasa naomba kujua, je huko juu kila mtu aende mwendo wake tukutane kambini? Na siku ya kilele mmoja akishindwa, mwingine aendelee au wote tugeuke? Yeye anasema tutaona huko huko. Mimi naona hili ni la kuongea tukiwa bado huku chini. Halafu je ni kweli kwamba mtu wa mazoezi hapati ugonjwa wa mwinuko? Yeye anaamini hivyo asilimia mia.

Fimbo_Mbili
Mkuu nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloua watu. Sio kweli. Mazoezi yanakusaidia miguu na moyo, yanakufanya usiteseke na mteremko, ila mwili kuzoea hewa nyepesi ni jambo jingine kabisa na hauangalii una medali ngapi. Hewa ya huko juu ina oksijeni asilimia 21 ile ile kama ya pwani, kinachopungua ni mgandamizo, ukifika kama mita 5,500 mgandamizo unabaki karibu nusu, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingiza kama nusu ya ulichozoea. Mwili unahitaji siku kujipanga na hilo, na siku hazikimbizwi. Tena mtu mwenye mbio yuko hatarini kwa namna yake, kwa sababu miguu inamruhusu kupanda haraka kuliko damu yake inavyozoea, wewe mzito mwili wako unakuzuia yeye hana cha kumzuia.

Sasa mwendo. Sheria ni moja tu, mzito anatangulia. Sio mwenye mbio mbele anasubiri, hapana, wewe mbele yeye nyuma yako, na mwendo ni ule ambao wote wawili mnaweza kuongea sentensi nzima bila kukata. Ukiona mmeanza kuongea neno neno, mmeenda kasi. Yeye mwanzoni ataona kama anafungwa kamba na ng'ombe mzee, mwambie avumilie, juu ya mita 4,000 atakushukuru. Na lile jambo la kupumzika ulilolieleza lina dawa rahisi, mapumziko yanaanza kuhesabiwa pale wa mwisho anapofika na kushusha begi. Mkubaliane hilo mapema, ni dogo lakini nimeona watu wanaacha kusalimiana kwa ajili yake.

Kingine, wa mbele akisimama kusubiri kwenye baridi jasho linamgandia mgongoni, ndani ya dakika kumi anatetemeka. Kwa hiyo hata yeye mbio zake hazimfaidishi chochote.

nesi_wa_zamu
Namuunga mkono Fimbo_Mbili, na mimi niongeze upande wa afya maana ndio kazi yangu na milima napenda pia.

Kwa watu wawili kitu cha muhimu kuliko vyote ni hiki, mgonjwa wa mwinuko hajijui. Ubongo ukikosa oksijeni ya kutosha kitu cha kwanza kupotea ni ule uwezo wa kujitathmini, kwa hiyo mtu atakuambia niko sawa huku anafunga kamba ya kiatu kwa mara ya tatu na haifungi. Ndio maana nasema usihesabu mwenzako kama mtu wa kupiga picha na wewe, ndiye macho yako, na wewe ndiye macho yake. Mkiachana masaa manne kila siku hayo macho hayapo.

Kila jioni mkishakula, na asubuhi kabla ya kufunga mabegi, ulizaneni maswali manne: kichwa kinauma? Tumbo vipi, kichefuchefu, hamu ya kula ipo? Uchovu? Kizunguzungu? Kila moja mtu anajipa kuanzia 0 mpaka 3. Hiki ni kipimo kinachotumika kweli kinaitwa cha Lake Louise, zamani kilikuwa na swali la usingizi pia, mwaka 2018 wakaliondoa kwa sababu huko juu karibu kila mtu analala vibaya hata akiwa mzima. Kichwa kikiwa kinauma na jumla ikafika 3 au zaidi, hesabu huo ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Ukiwa nao hupandi. Unalala hapo hapo, ukipata nafuu kesho yake unaendelea, ukizidi unashuka. Kawaida dalili zinaanza masaa 6 mpaka 12 baada ya kufika mwinuko mpya, kwa hiyo mtu kufika kambini anacheka sio ushahidi wa chochote, muangalie usiku.

Halafu kuna mambo mawili ambayo hayana mjadala wala kusubiri asubuhi. La kwanza ni ubongo kuvimba. Mtu anachanganyikiwa, anaongea visivyoeleweka, anatembea kama mlevi. Mchoree mstari ardhini mwambie atembee juu yake kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, akiyumba au kushindwa na chini alikuwa anaweza, mnashuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. La pili ni maji kwenye mapafu. Hili mara nyingi linakuja usiku wa pili au baadaye, mtu anahema akiwa amekaa tu, kikohozi, midomo inabadilika rangi, kifua kinatoa sauti ya mapovu. Naye ni kushuka, oksijeni kama ipo, na asitembee kwa nguvu zake kama inawezekana abebwe. Hili la mapafu linaua haraka kuliko watu wanavyodhani.

Na kama mmoja wenu ana chembe ya selimundu, yaani amerithi upande mmoja tu na maisha yake yote hajawahi kuumwa, aongee na daktari kabla ya kulipia chochote. Huko juu bandama inaweza kukosa damu, maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, na watu wengi wenye asili ya Afrika wana hiyo chembe na hawajui. Ni kipimo cha damu tu.

JiweLaMoto
Mimi napingana kidogo na hapo juu, sio kwenye dalili, nesi yuko sahihi, napingana na hii kufungana pamoja. Watu wawili wazima wamejiandaa mwaka mzima, mmoja kichwa kinauma siku ya mwisho, kwa nini na mwingine anyimwe kilele? Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa, na misafara mingi inakuwa na msaidizi wa mwongozaji, yule ndio kazi yake. Mmoja anageuka na msaidizi, mwingine anaendelea na mwongozaji mkuu, jioni mnakutana chini mnakumbatiana. Nimeona wenza wengi wamefanya hivyo na wanaishi kwa amani. Nimeona pia waliogeuka wote wawili kwa ajili ya mmoja na mwaka mzima ni lawama ndani ya nyumba, "kama sio wewe ningefika". Hiyo nayo ni maradhi.

Kwa hiyo Mwendopole jibu langu, mwendo sawa mpaka kambi ya mwisho, usiku wa kilele kila mtu na roho yake, mradi kila mmoja ana mtu anayejua njia.

nesi_wa_zamu
@JiweLaMoto sio kwamba nakataa kuachana kabisa, nakataa kuachana kwa mgonjwa ambaye hajapimwa. Kama aliyegeuka anatembea mstari ulionyooka, anaongea vizuri, na anashuka na mtu anayejua kazi, sawa, mwingine aendelee. Kama anayumba au anahema akiwa amekaa, basi huyo anahitaji watu wawili sio mmoja, mmoja wa kumshika na mmoja wa kwenda kuita msaada, na kilele cha mwingine kinaisha hapo hapo. Huo ndio mpaka wangu.

JiweLaMoto
Hapo nakubali, huo mpaka ni wa haki.

Fimbo_Mbili
Tena JiweLaMoto umesahau jambo moja, hayo yote ya msaidizi yanafanya kazi pale penye msaidizi. Uliza kabla ya kulipa, watu wawili tunapewa waongozaji wangapi usiku wa mwisho? Ukijibiwa mmoja, basi mjue kabisa kwamba mmoja akigeuka mmegeuka wote, maana mwongozaji hawezi kujigawa. Mkijua hilo mkiwa chini halina uchungu. Mkiligundua saa tisa usiku kwenye mawe mtagombana.

Kuhusu kuchagua njia, kwa watu wa mwendo tofauti mimi ningeangalia zaidi mahali pa kulala kuliko kilele. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba ukishavuka mita 3,000, sehemu unayolala isipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne mnalala pale pale usiku wa ziada. Sasa angalia Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, vituo vya kulala ni Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kila siku elfu nzima, halafu kutoka Kibo usiku ule ule mnaenda 5,895. Mwili wa nani unapenda hivyo? Ndio maana kama mnaenda huko chukueni usiku wa ziada Horombo, au njia ya Machame ambayo mchana inawapandisha mpaka Lava Tower kwenye mita 4,600 hivi halafu inawashusha kulala Barranco kwenye 3,900 na kitu. Panda juu lala chini, hiyo ndio siri ya kuzoea.

Njia ya Everest ni tofauti, unalala vijiji vya njiani, Namche mita 3,440 watu wanalala siku mbili, Dingboche 4,410 siku mbili tena, mpaka kufika 5,364 mwili umepewa nafasi. Na pale Pheriche, kijiji kingine cha njia hiyo, kwenye msimu kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, madaktari wake mchana wanatoa somo la mwinuko kwa wapita njia, mpeleke huyo mkimbiaji wako akasikie kwa masikio yake. Ubaya wa kule ni kushuka. Kilimanjaro mtu akizidiwa kwenye kambi ya Barafu mnaweza kumshusha karibu mita 1,500 ndani ya masaa machache kwa njia ya Mweka. Bonde la Khumbu, ndilo linalopitiwa na njia ya Everest, ni refu, unatembea umbali mkubwa na mwinuko unapungua kidogo kidogo, kwa hiyo kule uamuzi wa kugeuka inabidi uje mapema zaidi.

mama_wa_mabonde
Niongeze ambalo wanaume hawa hawajaligusa. Hema.

Mtalala sentimita chache kutoka kwa huyo mtu na mtajuana kuliko mlivyotaka. Mimi huwa natembea na mume wangu, na kilichonitisha mwanzo sio mlima ni pumzi yake usiku. Mtu amelala, anavuta pumzi tatu nne nzito, halafu kimya. Unasubiri. Kimya. Unawasha tochi unamuangalia kifua, sekunde kumi, kumi na tano, halafu anavuta pumzi moja kubwa kama mtu aliyetoka ndani ya maji na mzunguko unaanza upya. Wasiojua wanamuamsha mtu usiku kucha. Huko juu hiyo ni kawaida kabisa hata kwa mtu mzima, mwili unachanganya hesabu za kupumua ukiwa usingizini. Kama akiamka asubuhi anaongea vizuri na anakula, mwache alale. Ila asinywe pombe wala vidonge vya usingizi, hivyo vinapunguza kupumua zaidi.

Pili, hasira. Watu wote huko wanakuwa na hasira za karibu karibu, usingizi mbovu, baridi, kichwa kizito. Sisi tulijiwekea kwamba linalosemwa baada ya saa sita usiku halihesabiki na halirudiwi chini. Ila ukimya ni kitu kingine. Jamaa yako kama ni mtu wa maneno na ghafla amekuwa bubu toka mchana, hatanii, hajibu, chakula anakichezea na kijiko, usimwache eti ana mood, muulize yale maswali manne ya nesi. Mume wangu yeye dalili yake ya kwanza sio kichwa, ni kuacha kubishana na mimi.

Tatu, gawaneni mzigo ila msigawane vya kuokoa maisha. Mwenye nguvu abebe hema au chochote kizito, sawa, hapo mbio zake zinapata kazi na mwendo wenu utakaribiana. Lakini kila mtu begani kwake awe na maji yake, jaketi lake la baridi, koti la mvua, tochi ya kichwani, dawa zake na kitu cha kutafuna. Nimewahi kukuta kijana amekaa peke yake kwenye ukungu hana koti, koti lake liko kwenye begi la mwenzake, mwenzake yuko kilomita mbili mbele.

Mwendopole
Asanteni sana jamani sikutegemea majibu ya namna hii. Nimemtumia jamaa maneno ya nesi yote, amesoma, akakaa kimya muda, akajibu "sawa wewe utatangulia". Kwangu huo ni ushindi mkubwa.

Maswali mengine matatu. Vidonge vya Diamox vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, yeye sasa amegeuka anataka tumeze tu wote kwa usalama. Pia kuna kale kakifaa ka kubana kidoleni kanakoonyesha oksijeni, tununue? Na hiyo saa ya kugeuka siku ya kilele mnaipangaje?

nesi_wa_zamu
Diamox ni jina la biashara, dawa yenyewe ni asetazolamaidi. Inasaidia kweli, inaufanya mwili uzoee haraka na hata ile pumzi ya usiku aliyoisema mama_wa_mabonde inatulia. Kwa kinga watu wanaanza siku moja kabla ya kupanda. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari sio ya kugawana kambini, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa au shida ya figo aseme mapema. Mjiandae kwa mawili, mkojo wa mara kwa mara na vidole kuwasha kama vinachomwa na sindano ndogo. Soda inakuwa na ladha mbaya pia, usishangae. Jaribuni mkiwa nyumbani siku moja mbili muone mwili unavyoipokea, huko juu sio mahali pa kugundua kwamba inakutapisha. Na haifichi ugonjwa, ukiumwa huku unaimeza bado unaumwa, usiseme nimemeza kwa hiyo naendelea.

Kile kifaa cha kidoleni mimi sikipendi kwa watu wawili wenye ushindani, naona nyinyi mnao. Mnaanza kulinganisha, mimi 84 wewe 79, aliyepata 79 anaanza kuumwa kwa sababu ya namba. Vidole vikiwa na baridi namba inadanganya, rangi ya kucha na hina zinaharibu pia. Mtu ana 75 anakula na kucheka, mwingine ana 88 anatapika, unamshusha nani? Aliyetapika. Kama mtanunua basi kila mtu ajilinganishe na yeye mwenyewe wa jana, mikono ikiwa imepashwa moto.

JiweLaMoto
Saa ya kugeuka mnaipanga na mwongozaji jioni yake mkiwa mmekaa, na inakuwa saa kamili, sio "tukichoka". Mkifika saa hiyo hamjafika juu mnageuka hata kama kilele kinaonekana. Mei 1996 kule Everest watu 8 walikufa kwenye dhoruba moja, na katika yaliyojadiliwa sana baadaye ni ile saa nane mchana ya kugeuka ambayo wengi waliipita bado wanapanda. Najua nyinyi hamuendi kilele cha Everest lakini akili ya mtu anayeona kilele ni ile ile, pale hesabu zote zinapotea.

Na mjue usiku wa kilele Kilimanjaro unaanza kama saa sita usiku, mita karibu 1,200 za kupanda, baridi inaweza kwenda mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi, upepo ndio usiseme. Mwendo wake ni wa aibu. Hatua moja, pumzi moja, mguu wa nyuma unanyooka goti linajifunga unapumzika nusu sekunde, halafu hatua nyingine. Mkimbiaji wako atachukia sana, na asipokubali ataishia njiani wewe ukimpita. Nimeliona hilo mara nyingi, wazee wa mwendo wa kinyonga wako juu wanapiga picha vijana wamekaa kwenye mawe wameshika kichwa.

Fimbo_Mbili
Vidogo vya usiku huo: chupa ya maji igeuze kichwa chini ndani ya begi, barafu inaanzia juu kwa hiyo mdomo wa chupa hautaganda. Ule mrija wa kunyonyea maji sahau, unaganda mapema. Betri za tochi na simu lala nazo ndani ya begi la kulalia. Kila mmoja awe na betri za akiba, tochi moja ikifa watu wawili wanatumia moja, na hapo ajali za kushuka zinaanza. Kushuka msikimbie hata kama pumzi imerudi, magoti yamechoka na hapo ndipo mwenye mbio anapojisahau na kuteguka.

kidole_gumba
swali la kizembe, mkiwa wawili na mmoja ndio mgonjwa halafu anakataa kushuka mnafanyaje? maana nesi umesema hajijui

nesi_wa_zamu
Sio la kizembe hata kidogo, ndilo gumu kuliko yote. Ndio maana mnakubaliana chini, mkiwa na akili timamu, kwamba yule asiyeumwa ndiye mwenye neno la mwisho na mgonjwa hana kura. Semeni hivyo mbele ya mwongozaji ili naye awe shahidi. Ikifika hapo usibishane naye kuhusu kilele, hutamshinda, mwambie tu tunashuka kidogo tukapumzike halafu tutaona, mgeuze, beba begi lake, anza kutembea. Wengi wanafuata. Na mara nyingi mita 300 mpaka 1,000 za kushuka zinatosha mtu kuanza kubadilika, utaona anarudi kuwa yeye, anaanza kukulaumu kwa maneno yaliyonyooka. Akianza kukulaumu vizuri ujue anapona.

mama_wa_mabonde
Hahaha hapo kwenye kulaumu nimecheka, ni kweli kabisa.

Mwendopole
Nimemsomea jamaa hilo la mgonjwa hana kura. Amebisha kidogo halafu amekubali kwa sharti na mimi nikubali hivyo hivyo, nimekubali. Sasa yeye ndiye anasema twende Nepal kwanza kwa sababu inapanda taratibu, Kilimanjaro ije baadaye. Tutaongeza siku mbili za akiba ili mmoja akihitaji kulala mahali usiku wa ziada tusianze kuangalia kalenda. Kuna chochote cha karatasi tusichosahau?

Fimbo_Mbili
Hizo siku za akiba ndio kitu kizuri kuliko vyote ulivyoandika hapa. Karatasi, angalieni bima. Soma ile sehemu ya masharti inayotaja mita, nyingi zinaishia mwinuko fulani na ukivuka hapo hata kuteguka mguu hawalipi, na nyinyi mnafika 5,364 kwa hiyo itaje namba hiyo kwao kwa maandishi. Ulizeni pia kama wanalipia helikopta na nani anatakiwa kupiga simu kwanza, maana zingine ukiita helikopta bila kuwajulisha wanakukwepa. Namba ya dharura na namba ya mkataba kila mmoja aziandike za wote wawili kwenye karatasi na kuziweka mfukoni, zisikae kwenye simu ya mmoja tu.

Mwendopole
Nimeandika yote. Bima yangu nimeitazama sasa hivi, inaishia mita 4,000. Kesho nawapigia.